Borat 2: Ukiona klipu peke yake, anayechekwa ni wewe

Unasema uliiona Borat Subsequent Moviefilm? Hebu jiulize vizuri. Uliona filamu, ama uliona ile klipu ya Rudy Giuliani kwa WhatsApp?

Filamu ya kwanza ya Borat ilitoka 2006. Hii ya pili, Sacha Baron Cohen aliiachia Prime Video Oktoba 23, 2020, siku 11 kabla ya uchaguzi wa Marekani. Giuliani alikuwa wakili wa Rais Trump. Kabla hata filamu haijatoka, picha yake akiwa amelala chali kwa kitanda cha hoteli ilikuwa ishazunguka dunia. Kila mtu akatoa hukumu. Mwenyewe akasema alikuwa anachomekea shati tu.

Sasa, filamu yenyewe inamcheka nani? Inawacheka sana watu wanaomeza chochote kinachopita mtandaoni. Wakati wa korona, Borat anakaa na wanaume wawili wanaoamini hadithi za ajabu kuhusu wanasiasa, na wanazisimulia bila hata kupepesa jicho. Waliokota kipande wakakifanya ukweli mzima. Ukiihukumu filamu kwa klipu, mmekalia benchi moja.

Halafu kuna kitu klipu haikuonyeshi: yaya. Borat anamwachia mama mmoja Mweusi bintiye Tutar, anayeigizwa na Maria Bakalova, aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo. Mama huyo hakujua ni maigizo. Msichana anataka kufanyiwa upasuaji wa matiti ili apendwe na mwanamume, naye anamwambia yuko sawa alivyo, atumie akili zake. Katikati ya uchafu wote ule, huyo ndiye mwenye utu. Mtoe yeye, na kinachobaki ni matusi.

Basi itazame yote, na kwa njia halali. Prime Video imekuwa Kenya tangu Desemba 2016. Unalipia mwezi. Kama huna kadi ya benki, kuna M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa ya kwenye simu inayolipia huduma za nje. Bando zinakusumbua? Pakua ukiwa kwa Wi-Fi, utazame baadaye ndani ya programu hiyo hiyo. Ukimaliza, sitisha malipo. Lakini usiiwashe sebuleni na wazazi wamekaa. Ni ya watu wazima.

Najua utasema jamaa wa movie shop anakuwekea kwa flashi kwa bei ya chapati. Sawa, lakini huko ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na aliyeitengeneza hapati hata ndururu. Januari 2024, Amazon ilisitisha kuagiza filamu mpya za Afrika. Sababu hazikosi kuwa nyingi, lakini kampuni huhesabu wanaolipa, haihesabu wanaocheka. Na wanaoumia ni vijana wetu wenye kamera na hadithi, si Giuliani.

Klipu nyingine ikiingia kwa simu leo, kabla hujaisambaza, tafuta kwanza kilichokatwa.