Umeliacha neno mumpsimus

Ndugu mwandishi, nakushukuru kwa orodha yako ya maneno ya Kiingereza ya ukaidi, ila kuyatia stubborn, obstinate na pig-headed kapu moja sikubaliani nako hata kidogo. Mwanafalsafa Bertrand Russell alilieleza jambo hili vizuri redioni BBC mwaka 1948: msimamo uleule mtu akiwa nao mwenyewe huuita uthabiti, akiuona kwa anayezungumza naye huuita ukaidi, na kwa asiyekuwepo anaona upumbavu wa kichwa cha nguruwe. Maneno ya orodha yako hutuonyesha pia msemaji yuko upande gani. Mwanafunzi anayekariri maana tupu anaweza kumwandikia mwajiri kwamba yeye ni opinionated, yaani mtu wa kung'ang'ania maoni yake, akidhani anajisifu, kumbe amejiharibia.

Halafu umeliacha neno tamu kuliko yote, mumpsimus. Msomi Erasmus alisimulia katika barua ya mwaka 1516 habari za padri aliyezoea kusoma mumpsimus kwenye misa ya Kilatini, mahali palipoandikwa sumpsimus. Alipokosolewa alikataa katakata: amesoma hivyo miaka nenda miaka rudi, habadilishi. Mfalme Henry wa Nane alilitumia neno hilo mbele ya Bunge la Uingereza mwaka 1545, akiwalaumu waliogawanyika kwa sababu ya dini. Hivyo Kiingereza kina jina la mtu anayeng'ang'ania kosa hata baada ya kuonyeshwa kuwa ni kosa.

Tafadhali, ukirudia mada hii, kila neno lipe sentensi yake na utuambie lipi ni sifa, lipi ni tusi. Walimu tunazitumia orodha hizi darasani.