Povu Linalooza, Lakini Lisivunje Mzigo

Povu jeupe linaloizunguka televisheni mpya ndani ya boksi ni hewa kwa takriban asilimia 98. Hata hivyo, mzigo huo huvuka bahari, hupakuliwa kwa pupa na kumalizia safari juu ya bodaboda, na kioo kikafika salama. Anayetaka kulipiga marufuku povu hilo atuambie kwanza nini kitaifanya kazi hiyo.

Mbadala unaooza unaotajwa sana ni PLA, plastiki itokanayo na sukari ya mahindi, ambayo huko Blair, Nebraska, imezalishwa kwa wingi tangu 2002. Ni ngumu, ila ukiivuta hukatika upesi. Tena ikiyeyushwa huwa laini mno: gesi ikiiumua, kuta za vijumba vya hewa hupasuka, kama maandazi ya unga usiokandwa vizuri. Hubaki mashimo makubwa yasiyolingana, na kila shimo ni mwanzo wa ufa.

Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni kuichanganya na plastiki laini kama PBAT, inayomeza mshtuko. Nayo huoza kwenye mboji, lakini kwa kawaida hutokana na mafuta ya petroli. Ya pili ni kuunganisha minyororo ya molekuli iwe mirefu zaidi, kisha kuumua kwa kabonidayoksaidi yenye shinikizo kubwa ili vijumba viwe vidogo na vingi. Wazo la vijumba vidogo lilianzia MIT, kwa kundi la mtafiti Nam Suh, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mitambo yake ni ghali, lakini uimara unatokana na umbo, si na kuongeza petroli. Naiunga mkono tiba hii ya pili.

Wapo wanaosema povu dhaifu ni afadhali mradi lioze. Hesabu hiyo ina kasoro: televisheni ikipasuka, shaba, kioo na mafuta ya meli vilivyopotea ni vingi kuliko povu lililookolewa.

Lakini uimara pekee hautoshi. Kiwango cha Ulaya, EN 13432, hudai asilimia 90 ya plastiki igeuke kabonidayoksaidi ndani ya miezi 6, katika mboji ya kiwandani yenye joto la nyuzi 58 hivi. Katika majalala ya Dandora na Pugu hakuna anayesimamia joto wala unyevu wa taka. Likitupwa huko, povu la PLA laweza kukaa miaka.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania 2019. Zamu ya povu ikifika, tuanze na vifungashio vya vyombo vya umeme, ambavyo muuzaji anaweza kuvikusanya anapopeleka mzigo na kuvifikisha penye mboji ya kweli. Maboksi ya chipsi, yanayotupwa popote, yasubiri. Na mashirika ya viwango ya Kenya na Tanzania, KEBS na TBS, yadai majaribio mawili kwa bidhaa ileile iliyokamilika: idondoshwe, kisha ioze. Ikifaulu moja tu, isipewe nembo.