Wabali hawakufundishwa kuchora na Wazungu

Kuna hadithi inayopendwa sana na watu waandikao juu ya sanaa ya kisiwa cha Bali, huko Indonesia. Husema kwamba Wabali walikuwa wakirudiarudia mambo ya kale mpaka walipofika wachoraji wawili kutoka Ulaya, Mjerumani Walter Spies mwaka 1927 na Mholanzi Rudolf Bonnet mwaka 1929, wakawafumbua macho. Mimi hadithi hiyo siikubali, na ushahidi wa kuikanusha umetundikwa katika majumba ya makumbusho.

Chukua nguo ya Kamasan. Kamasan ni kijiji karibu na Klungkung, na mafundi wake ndio waliowachorea wafalme wa huko. Kitambaa cha pamba hutiwa uji wa unga wa mchele, kikaanikwa juani, kisha kikasuguliwa kwa kauri mpaka kikawa laini. (Naam, kauri, kombe lile lile tunaloliokota pwani kwetu.) Fundi mkuu hupiga mistari, na jamaa zake hutia rangi: nyeusi ya masizi, nyeupe ya mifupa iliyochomwa, nyekundu na manjano za udongo. Yanayochorwa ni masimulizi ya Ramayana na Mahabharata, na mwenye kujua kuyasoma hahitaji maandishi. Muungwana macho yake ni membamba na mwili wake umetulia. Mwenye macho ya mviringo yaliyotokeza, na chonge kinywani, huyo ni zimwi au mtu wa hasira. Hakuna kivuli wala umbali, kwa kuwa hadithi haikuvihitaji. Mtu akitazama kazi kama hiyo akasema aliyeichora hakuwa amefunzwa, asiyefunzwa ni yeye.

Lakini nguo hizo hazikutiwa sahihi. Zilitundikwa mahekaluni siku za sherehe, zikaliwa na unyevu na wadudu, zikachakaa, zikachorwa nyingine. Hata michoro ya dari ya Kerta Gosa, baraza la hukumu la Klungkung linaloonyesha adhabu za watenda maovu huko ahera, ilichorwa upya zaidi ya mara moja katika karne ya 20. Makumbusho nayo hupenda jina na tarehe. Spies ana jina na tarehe, fundi wa Kamasan hana. Nadhani hapo ndipo hadithi ile ilipopata nguvu.

Uchongaji nao ni hivyo hivyo. Zamani mti ulichongwa ili ukae mahali pake: simba mwenye mabawa chini ya nguzo, ndege Garuda, milango ya mahekalu, vyote vikapakwa rangi na dhahabu. Watalii walipozidi kufika kwa meli, walitaka kitu cha kuingia sandukuni. Katika miaka ya 1930 wachongaji wa kijiji cha Mas na kwingineko wakaacha rangi, wakaung'arisha mti mtupu, na sanamu zikawa ndefu na nyembamba. Mnunuzi alibadilika. Mkono ulioshika patasi ulikuwa ule ule.

Tena yupo I Gusti Nyoman Lempad. Alikuwa fundi wa kujenga mahekalu na minara ya kubebea maiti siku ya kuchomwa, na Spies alipohamia Ubud alimkuta mtu mzima mwenye sifa zake. Lempad alichora kwa wino kwenye karatasi, mstari mwembamba usiotetemeka, na karatasi yenyewe akaiacha nyeupe sehemu kubwa. Alifariki mwaka 1978, akikisiwa kuwa amepita miaka 100. Nani alimfundisha huyo?

Siwanyimi Wazungu hao haki yao. Mwaka 1936 walianzisha chama cha Pita Maha pamoja na Lempad na Tjokorda Gde Agung Sukawati wa ukoo wa kifalme wa Ubud. Chama kiliwatafutia wasanii wanunuzi na maonyesho, hata ng'ambo. Lakini kilikuwa pia na kamati iliyokagua kazi, ikakubali hii na kukataa ile. Sukawati na Bonnet ndio walioanzisha Puri Lukisan, jumba la makumbusho la Ubud lililofunguliwa mwaka 1956. Basi mgeni akiingia humo asidhani anaiona Bali nzima. Anaona, kwa sehemu kubwa, yale yaliyowapendeza wachaguzi.

Na kuandika majina hakukuwa jambo lisilowezekana. Gregory Bateson na Margaret Mead, wataalamu wa mila za watu, walikusanya mamia ya picha za kijiji cha Batuan katika miaka ya 1930, picha nyeusinyeusi zilizojaa wachawi na majani mpaka pembeni, nao waliandika ni nani aliyechora ipi.

Mwezi Julai 2023 Uholanzi ilikubali kuirudishia Indonesia vitu 472 vilivyokuwa katika makumbusho yake, na kati ya hivyo 132 ni vya mkusanyo wa Pita Maha. Nilifurahi. Hata hivyo, picha ikirudi na maelezo yale yale ya Leiden chini yake, imerudi nusu. Itundikwe kando ya nguo ya Kamasan, mtu alinganishe mwenyewe. Mchoraji ambaye jina lake limepotea asiandikiwe tu kwamba hajulikani. Kiandikwe kijiji chake, na nguo ilitundikwa wapi na kwa sherehe gani. Majina ya Spies na Bonnet yawekwe chini, kwa herufi ndogo, panapotajwa walioleta wanunuzi.