Tusiisingizie Sindano

Twataka kunena juu ya jambo linaloua watoto vijijini, nalo si homa peke yake, bali ni desturi ya kutazama jambo tusilione lilivyo.

Mtoto ashikwapo na homa kali, akageuza macho na kukaza meno, wengi husema: "Ni degedege. Huyu si mgonjwa wa hospitali. Akichomwa sindano atakufa." Basi hufukizwa moshi wa mavi ya tembo, na saa zinapita.

Mawazo haya hayakutoka katika upumbavu, bali katika hesabu mbovu. Degedege ya homa mara nyingi hukoma yenyewe kwa dakika chache. Ikikoma mtoto yu katika moshi, moshi hupewa sifa. Isipokoma, kwa kuwa malaria imefika ubongoni, ndipo mtoto huchukuliwa hospitali, amekwisha kuzimia. Huchomwa sindano, naye hufa, na watu hurudi wakisema, "Hatukuwaambia?" Hivyo sindano hubebeshwa lawama ya kuchelewa, na mtoto wa pili hucheleweshwa kuliko wa kwanza.

Wala kosa hili si la Afrika tu. Neno malaria ni la Kiitalia, maana yake hewa mbaya. Karne nyingi watu wa Ulaya waliiogopa hewa ya vinamasi, kumbe adui ni mbu azaliwaye humo. Hata mwaka 1897, huko Bara Hindi, Ronald Ross alipoona vijidudu vya homa hiyo tumboni mwa mbu.

Na sisi walimu tusijivune. Wangapi kwetu hupimwa damu, huambiwa hawana malaria, nao hununua dawa ya malaria kwa kuwa "mwili wangu naujua"? Huyu na yule wa moshi ni ndugu: wote wawili wamekata hukumu kabla ya kumsikia shahidi.

Kwa hiyo twasema wazi: penye degedege, mlazeni mtoto kwa ubavu, msimtie kitu kinywani, mkampeleke hospitali upesi. Na mkitaka kuihukumu sindano, ihukumuni kwa watoto waliofika mapema, si kwa waliofika roho i kooni. Wazee wetu walikwisha kutuonya: mchelea mwana kulia, hulia yeye.