Mvua Ikinyesha, Upinde Ubaki Bwenini

Muhula niliokaa Wisconsin, Marekani, mwenzangu wa chumbani alinichukua kuwinda kulungu kwa upinde. Msitu ni wa umma: ukiwa na leseni, na msimu umefunguliwa, unaingia tu. Hilo nalipenda sana, sisemi uongo.

Siku ile ilinyesha, naye akafurahi. Majani makavu yakilowa, mnyama hasikii hatua zako. Ni kweli kabisa. Shida, jamani, inakuja baada ya mshale. Kulungu aliyechomwa mara nyingi haanguki papo hapo. Anakimbia, wewe unasubiri nusu saa au zaidi alale, ndipo ufuate damu. Sasa damu gani, na mvua imeosha kila jani? Tulizunguka na tochi mpaka saa nne usiku, tumelowa chapachapa. Hatukumwona. Kama alikufa, walimla mbweha.

Manyunyu sina neno nayo. Ila mvua kubwa ikishuka, usifyatue mshale, hata kama leseni umeilipia. Mnyama yule ni wa wote, si wako peke yako mpaka umpate. Rafiki yangu analalamika kwamba hivyo wikiendi zake nyingi zingepotea. Na zipotee.