Kuinua Gari la Nyumbani: Inchi Ngapi Zatosha?



Miongoni mwa barua zilizotufikia imo moja ya koplo ambaye kikosi chake kiko mbali na nyumbani kwake. Amenunua Toyota Land Cruiser Prado ya toleo la 90, lile lililotengenezwa kati ya mwaka 1996 na 2002, na gari hilo hukaa na mkewe. Kila asubuhi mama huyo huwapeleka watoto shule, kisha huenda sokoni, na Jumapili humchukua mama mkwe kwenda kanisani. Sehemu kubwa ya njia ni lami. Lakini kilomita chache za mwisho ni udongo mweusi, na wakati wa mvua malori huchimba makorongo mawili yenye tuta katikati, na tumbo la gari hulalia tuta hilo. Fundi mmoja amemshauri ainue gari kwa inchi nne. Koplo auliza kama akiba yake, ambayo pia ndiyo karo ya muhula ujao, itumike kwa kazi hiyo.

Jibu letu ni kwamba inchi nne ni nyingi mno kwa gari la kazi za kila siku, na kwamba huenda asihitaji hata nusu yake.

Kwanza yafaa ifahamike ni kitu gani hasa kinachoinuka. Katika Prado hiyo, kila gurudumu la mbele lina mikono yake na springi yake, na difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi. Kwa hiyo ukiinua springi za mbele, difu hiyo huinuka pamoja na bodi. Nyuma mambo ni mengine. Huko kuna ekseli moja nzima kutoka gurudumu hadi gurudumu, na difu imo ndani yake. Ekseli hukaa juu ya magurudumu, si juu ya springi. Uweke springi ndefu upendavyo, difu ya nyuma itabaki pale pale ilipokuwa. Nayo ndiyo itakayokwaruza lile tuta. Kuinua springi kutasaidia bampa lisiguse ukingo wa mtaro, kutaokoa tumbo na ngazi za kupandia, lakini hakutaipandisha difu hiyo hata unywele mmoja.

Kinachoiinua ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu. Tuchukue kalamu. Tairi ya 265/70R16 ina kipenyo cha milimita 777 hivi. Tairi ya 265/75R16 ina milimita 804 hivi. Tofauti ni milimita 27, na kwa kuwa ekseli iko katikati ya gurudumu, difu hupanda milimita 13, yaani zaidi kidogo ya sentimita moja. Ni kidogo, lakini ni halali yake. Wasomaji wetu wa polisi watapenda kujua jambo la pili: kwa tairi hiyo kubwa, saa ya mwendo ikionyesha kilomita 100 kwa saa, gari kwa hakika linakwenda zaidi ya 103, ikiwa saa hiyo ilikuwa sahihi hapo awali. Kwa hiyo dereva aliyezoea kushika mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa asije akashangaa kusimamishwa.

Kabla ya kununua chochote, koplo na apime. Gari lisimame mahali palipo sawa, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Apime kwa futi ya fundi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu, kwa magurudumu yote manne, kisha alinganishe na gari la aina hiyo hiyo ambalo springi zake ni nzima. Gari lililokwisha fanya kazi zaidi ya miaka ishirini aghalabu limeshuka, na upande wa dereva hushuka zaidi kwa kuwa ndiye asiyekosekana safarini. Ikiwa springi zimechoka kwa sentimita tatu, basi springi mpya za kimo cha kiwandani pamoja na shokomzoba mpya zitarudisha sentimita hizo tatu bila kubadili jambo jingine lolote. Wengi hudhani wanahitaji gari refu, kumbe wanahitaji gari zima.

Akikuta springi zake hazijashuka na bado shida ipo, ndipo aongeze. Nasi twamshauri asizidi milimita 50, yaani inchi mbili. Sababu iko mbele ya gari. Shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele hupinda kwenye viungo vilivyofunikwa na mipira yenye grisi. Bodi ikiinuliwa, shafti hizo hulala mshazari zaidi, mpira husuguana na kupasuka, grisi humwagika, matope huingia. Prado hii hutumia shafti zake za mbele hata kwenye lami, kwa hiyo hakuna siku ya mapumziko. Kupita inchi mbili hulazimu kubadili mikono ya juu na kuishusha difu, na hapo karo ya watoto itakuwa imekwisha.

Jambo la uthabiti halina mzaha. Tuseme gari lina sentimita 150 kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 75 juu ya ardhi. Gawanya nusu ya upana kwa kimo hicho: 75 kwa 75, jibu ni 1. Kiinue kitovu kwa sentimita 5, jibu hushuka hadi 0.94. Kiinue kwa sentimita 10, jibu ni 0.88. Kadiri tarakimu hiyo ipunguavyo, ndivyo gari lipindukavyo kwa urahisi zaidi dereva akatapo usukani ghafla. Na ni nani asiyejua jinsi bodaboda inavyochomoza barabarani bila kutazama? Weka sasa keria ya paa yenye magunia mawili na mkungu wa matoke. Mama aliyezoea gari lile lile kabla ya kuinuliwa ataingia kwenye kona kwa mwendo aliouzoea. Hapana budi afundishwe upya, siku moja nzima, gari likiwa tupu kwanza na kisha likiwa na mzigo.

Kuhusu njia za kuinua, iliyo rahisi ni kuingiza kipande cha chuma au plastiki ngumu juu ya springi ya zamani. Bei ni ndogo. Lakini springi iliyochoka hubaki imechoka, na gurudumu hukosa nafasi ya kushuka shimoni, kwa hiyo gari hugonga. Sisi twapendelea springi mpya zilizotengenezwa kwa kimo hicho, pamoja na shokomzoba za urefu unaolingana nazo. Na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea: springi huuzwa kwa uzito, si kwa kimo tu. Zipo za gari tupu, zipo za gari lenye ngao ya chuma na winchi, zipo za anayebeba mzigo mzito daima. Anayenunua zile nzito kwa kudhani ni bora, kisha mkewe akaendesha gari na watoto wawili tu, atapata gari linaloruka kama mpira, ambalo tairi zake haziikamati barabara vema hata wakati wa kufunga breki. Koplo na ahesabu: watu wazima wawili, watoto watatu, jerikani mbili za lita 20 za maji ambazo ni kilo 40. Hiyo ni familia ya kawaida, nayo yatosha springi za kadiri.

Wenye magari ya springi za bapa nyuma, kama Hilux na Land Cruiser nyingi za toleo la 70, wanaweza kuongeza bapa moja au kununua seti mpya. Wasikubali kamwe kabari za mbao.

Sasa breki. Magari mengi ya zamani yana kifaa nyuma, kilichounganishwa na ekseli kwa fimbo nyembamba, kinachopima jinsi mzigo ulivyoishusha bodi. Bodi ikishuka, hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Ukiinua gari bila kukirekebisha, hudhani daima kwamba gari ni tupu, na hupunguza breki za nyuma hata likiwa limejaa watu. Fundi asiyekijua kifaa hicho asiguse gari lako. Atazame pia kama mipira ya breki ina urefu wa kutosha gurudumu linaponing'inia. Baada ya hapo ipimwe alaimenti, na taa za mbele ziinamishwe zisiwapofushe wanaokuja. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kabla ya kazi kuanza, si baada ya ajali.

Tunaongeza neno moja kwa madereva wa vikosi: haya yote yahusu gari la mtu binafsi. Gari la serikali haliinuliwi kwa mapenzi ya dereva.

Koplo akiamua kufanya kazi hiyo, asimame karibu na fundi wakati wa kukaza boliti za bushi za mpira. Zikazwe gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki. Zikikazwa hewani, mpira hukaa umejipinda na kukatika mapema. Na gari likisha kwenda kilomita 500 hivi, spana ipitishwe tena kwenye kila boliti iliyoguswa.