Programu yangu ilimwonea mtoto

Nimekuwa nikihangaika na kazi moja iliyoanza kama mchezo ikaishia kuninyima usingizi, na leo nimeamua kuitoa moyoni.

Mwenye chekechea moja hapa Nairobi aliniomba nimwandikie programu ya kupima msamiati wa Kiingereza wa watoto wa PP1. Kazi yenyewe ni nyepesi: tabuleti inatamka neno, picha nne zinatokea, mtoto anagusa moja. Wazo hilo si geni. Wamarekani wana jaribio liitwalo Peabody Picture Vocabulary Test, lililotoka mara ya kwanza mwaka 1959, na ndivyo linavyofanya kazi. Uzuri wake ni kwamba mtoto hahitaji kusoma, kuandika wala kuzungumza. Kidole chatosha.

Nilimaliza toleo la kwanza lenye maneno 40, nikalijaribu kwa mpwa wangu wa miaka 4. Tabuleti ikasema "kettle". Akagusa sufuria. Programu ikamkosoa. Nikamwuliza mbona amechagua hiyo.

"Mjomba, si chai ya mama inachemkia hapa?"

Kwao hawana birika. Baadaye ikaja "fireplace", kitu ambacho hajawahi kukiona maishani, akagusa picha iliyo sahihi. Nikampongeza. Akacheka, akasema amependa rangi yake tu. Basi mara ya kwanza alifikiri akanyimwa alama, mara ya pili akabahatisha akapewa.

Hapo hesabu za chuoni zikaanza kunisumbua. Picha nne, maneno 40: mtoto asiyejua neno hata moja, akigusa ovyo, atapata wastani wa alama 10, na si ajabu apate 7 au 13. Kwa hiyo huwezi kumtazama mwenye 9 na mwenye 12 ukasema huyu amemzidi yule. Huenda ni bahati tu.

Nilimweleza mwenye shule. Akanisikiliza vizuri, kisha akaniomba niongeze kipengele kimoja: programu iwapange watoto wa PP2 katika madarasa mawili kulingana na alama, na ilinganishe alama hizo na wastani wa Wamarekani. Sasa wastani huo, ambao kwa Peabody ni 100, ulikokotolewa kwa watoto wa Marekani. Mtoto wa Kayole anayezungumza Kiswahili nyumbani na Kikamba kwa nyanya yake ataonekana mzito wa kuelewa, kumbe ana lugha mbili kichwani na ya tatu inaingia.

Tusidanganyane, Kiingereza ni muhimu. Kwa sera yetu, kuanzia Gredi ya 4 masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto asiye na maneno ya kutosha atateseka. Mwenye shule naye aliniambia wazi, "Wazazi wananilipa wasikie Kiingereza." Simlaumu. Kupima ni lazima. Ninachopinga ni kumpa mtoto wa miaka 4 namba moja, kisha namba hiyo imchagulie kiti.

Kuna njia bora. Mwaka 1993 watafiti waliochunguza watoto wadogo wa Miami wanaokua na Kiingereza na Kihispania walihesabu dhana, si maneno ya lugha moja. Mtoto akikijua kitu kwa lugha yoyote, anahesabiwa. Kwa hesabu hiyo watoto wale hawakuwa nyuma ya wenzao wa lugha moja. Na hapa kwetu Kilifi, watafiti walitengeneza orodha za maneno za Kiswahili na Kigiriama, kazi iliyochapishwa mwaka 2015, na wazazi wasiojua kusoma wakahojiwa kwa mdomo. Hawakutafsiri tu orodha ya wazungu.

Kama ningeandika programu hii upya, ingeuliza kila neno kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, siku tofauti. Picha zingetoka jikoni na njiani kwetu. Mtoto angelinganishwa na yeye mwenyewe wa muhula uliopita. Na mwalimu angekaa naye dakika tano amsimulie alichokula jana, maana kugusa picha hakuonyeshi kama anaweza kuunda sentensi.

Kipengele cha kupanga madarasa nilikataa kukiandika, na mkataba ukaishia hapo. Kuandika msimbo wake kungenichukua dakika kumi. Lakini kompyuta haijui kwamba chai huchemka kwenye sufuria. Ni sisi tunaoiambia lipi ni kosa, kisha tunaliita tokeo lake ukweli.

Walimu wa chekechea mnaonisoma, ninyi mnapimaje? Niandikieni. Tuonane wiki ijayo.